Mizani au Chekecheke? Historia ya Mtihani wa Darasa la Saba katika Nchi ya Mbulu

Utangulizi

Mchungaji yeyote aliyehudumu katika sharika za Mbulu na Hanang ameyaona haya. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, habari huenea nyumba kwa nyumba kabla ya jioni, na Jumapili inayofuata mtu aweza kuyasoma matokeo hayo kanisani pasipo karatasi yoyote. Watoto waliochaguliwa huketi mbele pamoja na wazazi wao. Wengine hawaonekani, wamekwenda machungani, au wamebaki nyumbani, na mama zao husali wameinamisha vichwa. Baada ya ibada mzazi mmoja humsogelea mchungaji na kusema, "Mchungaji, mtoto wetu ameshindwa." Wala hasemi ameshindwa nini.

Makala hii inakusudia kuuliza swali ambalo mzazi huyo hakuuliza. Mtihani huu, ambao kwa miongo mingi umewagawa watoto wetu katika makundi mawili, ulikuwa unapima nini? Tutajaribu kuonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yake haukuwa mizani ya kupimia yale mtoto aliyofundishwa. Ulikuwa chekecheke ya kugawia nafasi chache. Chekecheke si kitu kibaya. Kila nyumba inayo. Lakini mtu akiitumia chekecheke huku akidhani ni mizani, atasema juu ya nafaka yake mambo yasiyo kweli. Hilo ndilo kosa ambalo, kwa maoni yetu, taifa lilifanya, na Kanisa likalifuata.

Kutahini kabla ya mtihani

Kusoma na kuandika kuliingia Mbulu kukiwa kumeshikana mkono na Injili. Wamisionari wa Kanisa Katoliki walitangulia, tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Walutheri walifuata, na kazi yao ikapata nguvu mpya mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuja kwa wamisionari kutoka Norwei, ambao mwaka 1955 walifungua hospitali ya Haydom. Katika sehemu nyingi za Tanganyika wale waliojiandaa kwa ubatizo waliitwa wasomaji, na jina hilo lilisema kweli: kumfuata Kristo na kujifunza herufi vilikuwa safari moja.

Shule za mwanzo za misioni zilikuwa duni sana kwa macho ya wakaguzi. Zilikuwa shule za vichakani: banda la nyasi, ubao mmoja, mwinjilisti ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache, na saa chache za kusoma, kuimba na kukariri Katekisimo. Hata hivyo, zilikuwa na kutahini kwake. Kabla ya ubatizo au kipaimara, mwanafunzi alisimama mbele ya mchungaji na wazee akaulizwa. Asipoweza kujibu, kwa kawaida hakuambiwa kwamba mwisho wake umefika. Aliambiwa arudi darasani, na mwinjilisti akaambiwa afundishe tena. Swali lililoulizwa kwa mtoto lilikuwa pia swali kwa mwalimu.

Desturi hiyo ina mizizi ya mbali katika Kanisa letu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza kuanzisha shule. Miaka michache baadaye ulifanyika ukaguzi wa sharika za Saksonia. Philipp Melanchthon aliandika mwongozo wa wakaguzi, uliotolewa mwaka 1528, na Luther mwenyewe alishiriki katika ziara hizo. Aliyoyakuta yalimsikitisha: watu wa vijijini hawakujua mambo ya msingi ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kuyafundisha. Kwa lugha ya leo tungesema Saksonia ilifeli. Lakini tuangalie alichofanya mkaguzi. Hakupanga orodha ya sharika kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Alikwenda akaandika kitabu kidogo, ambacho baba wa nyumba angeweza kukifundisha mezani. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ni jibu la matokeo mabaya ya mtihani.

Hii ndiyo maana ya mizani. Anayepima hupima ili ajue kinachopungua, na akishajua, mzigo wa kwanza humwangukia yeye.

Chekecheke inaingia

Serikali ya Waingereza ilikuja na kutahini kwa namna nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misioni zilizosajiliwa, zikakubali kukaguliwa na kufuata mtaala uliopangwa. Shule za vichakani zilibaki nje ya ruzuku hiyo. Hatuna sababu ya kulaumu nia ya kuinua kiwango cha elimu, kwa maana shule nyingi zilihitaji kuinuliwa. Lakini pamoja na ruzuku zilikuja ngazi za elimu, na katika kila ngazi palikuwa na mlango mwembamba. Mtoto alisoma hadi darasa la nne, kisha akafanya mtihani. Wachache waliendelea na shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Kisha mtihani mwingine, na wachache zaidi wakaingia sekondari.

Tuone vizuri jinsi mitihani hiyo ilivyofanya kazi. Idadi ya waliovuka haikuamuliwa na maarifa yao tu. Iliamuliwa kwanza na idadi ya madawati yaliyokuwapo upande wa pili wa mlango. Laiti watoto wote wa darasa la nne wangalijibu maswali yote sawasawa, bado wengi wangalirudi nyumbani, kwa kuwa shule ya kati ilikuwa moja mahali palipokuwa na shule nyingi za msingi.

Uhuru ulirithi ngazi hizo. Mwaka 1967, katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili wazi kuliko kiongozi yeyote wa wakati wake. Alieleza kwamba kati ya watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi mwaka huo, ni kama asilimia 13 tu wangepata nafasi ya sekondari. Kwa sababu hiyo alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi ya wachache, na mitihani ipunguziwe heshima iliyokuwa nayo mbele ya Serikali na wananchi. Hatua kadhaa zilifuata. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1970, ilizifanya shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku kuwa shule za umma. Mwaka 1973 lilianzishwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Taifa. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani.

Kwa Mbulu, kama kwa nchi nzima, hilo lilikuwa tendo kubwa la haki. Mchujo wa darasa la nne uliondolewa njiani, na mtoto wa mfugaji aliyeingia darasa la kwanza aliweza kufika la saba. Walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Ndio walioitwa walimu wa UPE. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi nchini zilikuwa na wanafunzi takriban milioni 3.5.

Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Lango la chini lilipanuliwa sana, lango la juu likabaki jinsi lilivyokuwa. Katika miaka ya 1980, kati ya kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, pungufu ya 5 waliingia sekondari za Serikali. Mtihani ambao Mwalimu alitaka upunguziwe heshima ukawa mkali kuliko wakati wowote. Karatasi tatu, yaani Lugha, Hisabati na Maarifa, ziliamua katika siku mbili habari ya miaka saba.

Katika miaka hiyo neno lenyewe lilibadilika maana. Mtu akisema mtoto wake "amefaulu", alimaanisha amechaguliwa. Hapakuwa na kufaulu pasipo kuchaguliwa. Tena nafasi ziligawanywa kimikoa na kiwilaya, ili sehemu zilizokuwa nyuma zisiachwe kabisa. Kwa hiyo alama zilizomvusha mtoto wa wilaya moja zingeweza kumwacha mtoto wa wilaya nyingine. Utaratibu huo ulikuwa na haki yake, nasi tunaukubali. Lakini unathibitisha hoja yetu: "amefaulu" na "ameshindwa" hayakuwa maneno juu ya akili ya mtoto wala juu ya bidii ya mwalimu peke yake. Yalikuwa maneno juu ya madawati.

Shiboleti

Mwanafunzi wa theolojia anakijua kisa cha vivuko vya Yordani katika Waamuzi 12. Wagileadi waliwatahini Waefraimu kwa neno moja tu, na aliyeshindwa kulitamka sawasawa aliuawa. Watu 42,000 walianguka. Ni mtihani mfupi kuliko yote katika Maandiko, na haukupima lolote ila mahali mtu alipojifunzia kusema.

Tunakitaja kisa hicho kwa uangalifu, kwa maana Kiswahili si silaha ya adui. Ni lugha iliyotuunganisha, na bila hiyo hata makala hii isingeandikwa. Lakini historia ya mtihani katika Mbulu haieleweki pasipo habari ya lugha. Hapa, katika eneo dogo la Bonde la Ufa, zinakutana jamii za lugha zisizo na undugu. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni sehemu yao, husema lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa Yaeda Chini na kandokando ya Ziwa Eyasi wana lugha yao ambayo wataalamu hawajaiunganisha kwa hakika na nyingine yoyote. Pembeni wako majirani wa lugha za Kibantu, kama Wanyisanzu na Wanyiramba.

Mtoto wa Kinyiramba anapoingia darasa la kwanza, hukuta katika Kiswahili nyumba yenye mpango anaoujua. Lugha ya mama yake pia ina ngeli. Anajua tangu utotoni kwamba nomino huvuta viambishi vya maneno yanayoifuata. Mtoto wa Kiiraqw hana urithi huo. Lugha yake hugawa nomino kwa jinsia, ya kiume na ya kike na ile isiyo mojawapo, na mpangilio wa sentensi zake ni mwingine. Kwake "kiti kimevunjika, viti vimevunjika" si jambo linalojieleza. Ni somo jipya, neno kwa neno. Mtoto wa Kidatoga na wa Kihadzabe wako katika hali hiyohiyo, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa katika makazi yao Kiswahili husikika kwa nadra. Watoto hawa wote walikaa katika chumba kimoja cha mtihani siku moja na mtoto wa Tanga au wa Dar es Salaam aliyesema Kiswahili tangu kunyonya. Swali la Hisabati lilipoandikwa kwa maneno, lilikuwa swali la Hisabati kwa mmoja, na kwa mwingine lilikuwa kwanza swali la Kiswahili.

Na waliovuka walikuta mto wa pili. Baada ya kuipata lugha ya pili kwa miaka saba, walifundishwa sekondari kwa lugha ya tatu, Kiingereza.

Hapa Kanisa lina ushuhuda wake wenyewe. Mwinjilisti wa Mbulu hakumngoja bibi kizee ajifunze ngeli ndipo asikie Habari Njema. Aliisema kwa Kiiraqw. Tulijua mapema kwamba mtu aweza kuielewa neema kabisa huku Kiswahili chake kikiwa kibovu. Lakini tulipogeuka kumtazama mtoto wa mtu huyohuyo akitoka shuleni na alama za chini, tulisema kwamba hana akili.

Mwili na ardhi

Mtihani ulipima pia mambo yaliyotangulia shule. Kati ya mwaka 2009 na 2014 hospitali ya Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa uliojulikana kama MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, chakula chao, maradhi ya tumbo, ukuaji wa mwili na wa akili. Haydom kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoonyesha udumavu mkubwa zaidi: watoto wengi waliofikisha miaka miwili walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Chakula chao kilikuwa hasa cha nafaka. Si lazima mtu awe daktari kuona uhusiano. Mtoto aliyedumaa katika siku zake elfu moja za kwanza huja darasani akiwa na mzigo ambao mwalimu hakuutwika wala hawezi kuutua peke yake.

Habari ya ardhi nayo imo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, katika uwanda wa Basotu wilayani Hanang, yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano ya Serikali, yaliyopanuliwa kwa msaada wa Kanada hadi yakafikia takriban eka 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Familia zilihamahama kutafuta majani, nyingine zikaenda mbali hata mikoa mingine. Rejesta ya shule haimjui mtoto anayehama, humwita mtoro. Vilevile, huko Yaeda Chini, Serikali ilijaribu katika miaka ya 1960 kuwakalisha Wahadzabe kijijini na kuwapeleka watoto wao shule, na wengi walirudi porini. Waliobaki darasani walikuwa wakijifunza mambo mengi kwa wakati mmoja: kukaa mahali pamoja, kula chakula kigeni, kusema lugha ya watu wengine. Mambo hayo hayakuwa na karatasi yake siku ya mtihani.

Hatusemi haya ili kumpa mwalimu mzembe udhuru. Ziko shule zilizo jirani, zenye watoto wa lugha moja na chakula kimoja, nazo hutofautiana kwa sababu moja inafundisha na nyingine haifundishi. Ndiyo maana twahitaji mizani. Chekecheke haitenganishi mwalimu mzembe na mwalimu mwenye bidii aliyepewa watoto wenye njaa.

Tarakimu na jinsi ya kuzisoma

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Arusha, na Mbulu na Hanang zikawa ndani yake. Mwaka huohuo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada kufutwa mwaka 2001. Kwa nchi nzima, waliofaulu mtihani wa darasa la saba mwaka 2002 walikuwa asilimia 27. Mwaka 2006 walikuwa asilimia 70. Mwaka 2009 wakashuka hadi 49. Mwaka 2012 wakaporomoka hadi 31, na mwaka 2019 wakapita 80.

Mwanahistoria hawezi kuamini kwamba akili za watoto wa taifa zima zilipanda na kushuka namna hiyo katika miaka 17. Yatupasa kutafuta kilichobadilika. Kati ya 2002 na 2006 madarasa na vitabu viliongezeka, na kuanzia mwaka 2004 ulikuwapo mpango wa kupanua sekondari, uliofuatwa na shule za kata. Lango la juu lilifunguka. Kisha, mwaka 2008 na 2009, wakafika darasa la saba watoto wale walioingia kwa wingi ada ilipofutwa, waliosoma katika madarasa yaliyofurika. Mwaka 2012 karatasi yenyewe ilibadilika: majibu yalianza kusahihishwa kwa mashine, na mtoto akatakiwa kuchagua jibu na kusiliba kiduara, hata katika Hisabati. Kila tarakimu ina kisa chake, na mtoto mmoja mmoja ni sehemu ndogo tu ya kisa hicho.

Mwaka huohuo wa 2012 ilibainika jambo lililolishtua taifa: miongoni mwa wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo maelfu wasiojua kusoma na kuandika. Chekecheke, ambayo kwa miaka mingi iliwaangusha watoto wenye uwezo, sasa iliwapitisha watoto wasiofundishwa. Makosa hayo mawili yaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja. Matundu yalipokuwa madogo walianguka wengi. Yalipopanuliwa walipita wengi. Wala katika hali yoyote ile hatukuambiwa mtoto anajua nini.

Kulikuwa pia na juhudi za namna nyingine. Tangu mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya za nchi yetu, wakiwapa watoto wa umri mbalimbali hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Walikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kuzisoma. Hakuna mtoto aliyepoteza nafasi kwa kupimwa hivyo, na hakuna aliyeipata. Na jibu la Serikali, katika mtaala ulioanza mwaka 2015, lilikuwa kupunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili mkazo uwekwe katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Msomaji wa historia ya Matengenezo atatambua mfano huo: ziara ya nyumba kwa nyumba, matokeo ya kusikitisha, kisha kitabu kidogo zaidi.

Wakati huohuo, tangu mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa nafasi na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Shule ya kijiji cha wafugaji na shule ya bweni ya mjini inayochagua wanafunzi wake ziliwekwa katika orodha moja. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule na wanafunzi bora. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mlango mwembamba wa darasa la saba, uliosimama kwa zaidi ya nusu karne, umepangwa kuondolewa.

Hitimisho

Watu wa Mbulu wanaye ndugu yao ambaye dunia inamkumbuka. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza. Yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Orodha ya matokeo inasema kweli: Akhwari alikuwa wa mwisho. Lakini hakuna mtu wa Mbulu anayemwita aliyeshindwa, kwa sababu kila mtu anajua njia aliyopita. Watoto wetu hatukuwatendea hivyo. Tulisoma orodha, tukaacha kuuliza habari za njia.

Tunapozungumza juu ya makosa ya mtihani wa Serikali, hatuna budi kujichunguza. Mwaka 1970 Kanisa lilikabidhi shule zake, na wengi wetu tuliona kwamba tangu hapo mambo ya shule si yetu, isipokuwa kutoa sala siku ya mahafali. Baya zaidi, tuliiga. Je, hakuna sharika ambazo mtihani wa kipaimara umekuwa orodha ya kwanza hadi ya mwisho, ikasomwa hadharani, na mtoto asiyesoma vizuri akarudishwa nyumbani kwa aibu bila mwalimu wake kuulizwa neno? Tukifanya hivyo, tumeiacha Saksonia ya mwaka 1528 na kusimama kwenye vivuko vya Yordani.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa mchungaji yeyote. Kwanza, aitembelee shule iliyo jirani na usharika wake kabla ya mtihani, si baada ya matokeo, na amwulize mwalimu amepungukiwa nini. Pili, shule za Jumapili na madarasa ya watoto wadogo katika sharika zetu yawe mahali ambapo mtoto wa Kiiraqw, wa Kidatoga au wa Kihadzabe anasikia lugha yake ikiheshimiwa na Kiswahili kikifundishwa kwa upole, ili asianze darasa la kwanza akiwa bubu. Tatu, siku watoto wanapomaliza shule, majina yao wote yasomwe mbele ya madhabahu, bila kutenganisha waliochaguliwa na wasiochaguliwa, kwa maana wote walibatizwa kwa majina hayo.

Na mzazi akija baada ya ibada na kusema kwamba mtoto wake ameshindwa, mchungaji asimjibu upesi kwa maneno ya faraja. Amwulize kwanza: ameshindwa nini, na ni nani aliyemfundisha jambo hilo? Huenda jibu likaturudia sisi.